Jumièges: Kanisa Lililouzwa Jiwe kwa Jiwe

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Hebu tazameni kwanza picha iliyo ukutani. Hii ni minara miwili ya mbele ya kanisa la Notre-Dame la Jumièges, Normandia, kando ya mto Seine nchini Ufaransa. Ina kimo cha mita 46 hivi. Chini ina pembe nne, juu inageuka kuwa na pembe nane. Nyuma yake ni kuta za ukumbi, zenye mita kama 25. Paa hakuna.

Mtu akiona gofu, haraka husema: vita hiyo, au uzee. Vita ilifika kweli. Abasia, yaani nyumba ya watawa inayoongozwa na abati, iliyoanzishwa hapa na Mtakatifu Philibert mwaka 654, ilichomwa na Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, mwaka 841. Ila kanisa hili ni la baadaye. Abati Robert Champart alianza kulijenga mwaka 1040, akaenda Uingereza akapanda hadi kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, akafukuzwa huko, akarudi akazikwa hapa. Lilitabarukiwa tarehe 1 Julai 1067, mbele ya William, aliyekuwa ameiteka Uingereza mwaka mmoja tu kabla.

Sasa nani aliliua? Mapinduzi ya Ufaransa yaliwatawanya watawa mwaka 1790, na miaka mitano baadaye abasia ikauzwa kama mali ya taifa. Mwaka 1802 ikaangukia mikononi mwa mfanyabiashara wa mbao, Jean-Baptiste Lefort. Yeye aliona machimbo ya mawe yaliyokwisha kuchongwa! Akatega baruti, akalipua, akauza. Mnara wa katikati ulibaki ukuta mmoja, huu hapa: tao kubwa mno, na juu yake kipande chembamba cha mnara kisicho na wenzake watatu. Mimi huutazama ukuta huo kuliko minara yenyewe. Uharibifu ulikoma mwaka 1824, mmiliki mpya, Casimir Caumont, alipoyahifadhi yaliyosalia.

Kuhifadhi ndiko kugumu. Ukuta wa Kiromaneski, yaani wa mtindo wa ujenzi wa zama za kanisa hili, kwa kawaida si jiwe tupu. Una nyuso mbili za mawe yaliyochongwa, na katikati vifusi vilivyoshikwa kwa chokaa. Paa likiondoka, mvua inaingia kwa juu, inashuka tumboni mwa ukuta na kuiosha chokaa. Baridi ikifika, maji yanaganda, yanatanuka, yanausukuma uso wa nje hadi unavimba. Mizizi ya mimea nayo inapenya papo hapo. Kwa hiyo fundi wa magofu huanza juu: anaziba kichwa cha ukuta, kwa chokaa na si saruji. Saruji ni ngumu kupita jiwe la chokaa, na hufungia unyevu ndani. Jiwe ndilo linalopukutika. Mafundi waliokarabati nyumba za matumbawe Lamu wanalijua hilo vizuri.

Najua mtaniuliza: kwa nini wasilijenge upya? Kwa sababu mawe yamekwisha kwenda, na tukiweka mengine tutakuwa tumejenga kanisa letu na kulibandika jina la Champart. Mkoa wa Seine-Maritime, unaoimiliki abasia tangu 2007, haujaezeka paa. Mgeni anayetaka kuona kanisa zima hupewa kompyuta bapa, anaielekeza kwenye kuta, na paa linaonekana kwenye kioo. Karibuni maswali.