Kikaratasi Kilichommeza Mtu

Assalamu alaikum. Nimeambiwa nina dakika chache kabla ya magharibi, kwa hiyo naanza na neno moja tu: kibarua.

Sote hapa Chake Chake tunalitumia. Fulani kapata kibarua, fulani kibarua chake kimeota nyasi. Lakini litazameni lilivyoundwa. Barua, kibarua: barua ndogo. Zama zile mtu wa kazi ya kutwa akipewa kikaratasi cha kuonesha kwamba kazi kaifanya, akipeleke apokee ujira wake. Kibarua ni kile kikaratasi. Mtu alilipata jina baadaye, karatasi ilimmeza. Na aliyekiandika hata kama keshakwenda zake kwao, mlipaji akikisoma anaelewa. Kwangu mimi, maandishi mafupi yaliyo mazima ni hayo: yanasimama bila ya mwenyewe kuwapo.

Yasiyosimama ninayo nyumbani. Babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na kiduka Wete. Wachumaji wa karafuu wakikopa kwake, wakilipa msimu ukifika, naye akiandika daftarini kwa hati za Kiarabu. Alipofariki tukaketi na daftari lile tujue nani anadaiwa. Ukurasa mmoja una maneno mawili: "Yule, tatu." Basi. Tatu nini, pishi za mchele au shilingi? Na yule ndiye nani? Babu alimjua. Siku anaandika, sura ya mtu ilikuwa mbele yake, akadhani haitaondoka. Tusimcheke. Simuni mwangu mna "usisahau lile jambo", na lile jambo sijalijua mpaka leo.

Kulikuwa na mwanazuoni wa Kijerumani wa elimu ya jamii, Niklas Luhmann, aliyefariki mwaka 1998. Aliacha kabatini vikaratasi vipatavyo 90,000 vya kuwekea mawazo yake. Kila kimoja kina namba yake: hiki 1, kilichozaliwa nacho 1a, na humo ndani zimetajwa namba za vyengine. Ukishika kimoja kinakutuma kwa mwenzake, kama vile ukiuliza nyumba ya mtu huku Pemba. Alisema kabati lile lilikuwa mshirika wake wa mazungumzo. Watu humsifu kwa wingi wa karatasi. Mimi nasifu namba. "Yule" wa babu hakuwa na jirani wa kumuuliza.

Masheikhe wetu walifika huko kwa njia yao. Fungueni kitabu kikongwe cha fiqhi, yaani sheria za dini: matini, maneno yenyewe ya mtunzi, katikati, sharhi ya kuyafafanua imeizunguka, na pambizoni hashiya, yaani maelezo mafupi ya wasomaji. Mmoja kaandika alivyosikia kwa sheikhe wake, mwengine kaja nyuma kwa wino wa rangi nyengine kumjibu. Pengine hawakuonana hata siku moja. Hashiya inaweza kuwa maneno matatu na ikaeleweka, kwa sababu imelala ubavuni mwa kile inachokisema. (Kombe, ile dawa ya maandishi, lina mambo yake. Pale maandishi ya zafarani huoshwa yakanywewa, na hakuna anayetaka kuyasoma tena.)

Naona muadhini anajitayarisha. Daftari la babu nimekuja nalo, hili hapa. Kama yupo aliyetoka Wete anayehisi "yule" alikuwa mzee wake, baada ya sala anifuate. Deni nimelisamehe zamani. Nataka kujua tu tatu zile zilikuwa za nini.