Oili Inayopita Chini ya Pete: Beringi za Injini ya Jeti

Wakubwa zangu shikamooni, wanafunzi, hamjambo. Leo naomba tuingie mahali ambapo abiria hapaoni kamwe: kwenye beringi, yaani pete mbili zenye gololi katikati yake, zinazoishika shafti (mhimili unaozunguka) ya injini ya jeti.

Kipimo chetu cha mwendo wa beringi ni chepesi. Chukua kipenyo cha tundu la beringi kwa milimita, zidisha kwa mizunguko ya dakika moja. Miaka ya 1970, kituo cha utafiti cha Lewis cha NASA, shirika la anga la Marekani, mjini Cleveland, kilijaribu beringi ya milimita 120 kwa mizunguko 25,000. Zidisheni: milioni 3. Uso wa shafti hapo unakimbia kama kilomita 565 kwa saa.

Wengi hudhani kinachoiua beringi ni mzigo wa shafti. Kwa mwendo ule, gololi zenyewe ni mzigo. Kila moja inavutika kwenda nje kama jiwe kwenye kombeo, inaikandamiza pete ya nje mpaka chuma kinachoka. Oili nayo inarushwa. Ukiipuliza kutoka pembeni, nyingi hutupwa kabla haijaifikia pete ya ndani, na pete hiyo ndiyo inayoungua.

Ufumbuzi waliouchukua naupenda kuliko yote nitakayowaambia leo. Hawakushindana na nguvu ile. Oili ilipitishwa chini ya pete ya ndani, pete ikatobolewa vijitundu, na mzunguko uleule unaoirusha ukaisukuma hadi kwenye gololi. Tena oili ya kutenganisha chuma na chuma ni kidogo mno, utando wake mara nyingi haufiki mikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Sehemu kubwa iko pale kubeba joto.

Chuma chenyewe kilikuwa cha aina iitwayo M50, chenye metali za molibdeni na vanadi, kilichoyeyushwa mara mbili ndani ya ombwe. Chembe moja ya uchafu ndani ya chuma inatosha kuanzisha ufa, ndiyo maana ya gharama yote ile.

Siku hizi zipo gololi za kauri, silikoni nitridi. Uzito wake ni takriban asilimia 40 ya gololi ya chuma, kwa hiyo pete ya nje inapumua. Lakini mafundi, sikilizeni: sumaku tunayoiweka kwenye njia ya oili inanasa vipande vya chuma. Kauri hainaswi. Gololi ya kauri ikimeguka, sumaku mtaikuta safi, bila onyo lolote.