Kampuni Zetu Kwenye Stempu: Tuanze na Zilizokufa

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Ndugu wengine wote, habari za jioni, na ahsanteni kwa kuacha foleni za saa hizi mkaja kusikiliza habari za stempu.

Nitasema ombi langu kabla ya jambo lingine lolote, ili anayetaka kunipinga apate muda wa kujiandaa. Naomba nchi yetu, Tanzania, itoe mfululizo wa stempu za kumbukumbu kwa kampuni na viwanda vilivyojenga uchumi wake, na mfululizo huo uanze na vile ambavyo havipo tena.

Kwa vijana ambao hawajawahi kubandika stempu, maelezo mafupi. Stempu ya kwanza ya gundi ilitoka Uingereza mwaka 1840, ikiwa na kichwa cha Malkia Victoria. Stempu ya kawaida huchapishwa tena na tena kadiri inavyohitajika. Ya kumbukumbu hutolewa kwa tukio fulani, kwa idadi iliyopangwa, ikiisha imeisha. Ndiyo maana uamuzi wa nani apewe stempu ya kumbukumbu ni uamuzi mzito. Dola inaweka jina lake na thamani ya fedha yake pembeni ya picha, kisha inasema: hili lilitokea, na sisi tunalitambua.

Sasa tuangalie kampuni zilivyoingia kwenye stempu za pwani hii. Ziliingia zikiwa watawala. Mwaka 1890, pale Mombasa, Imperial British East Africa Company, kampuni ya biashara iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, ilichukua stempu za Uingereza ikazigonga jina lake juu. Miezi michache baadaye ikatoa za kwake, zenye jua na taji, na maneno ya Kiingereza yanayoahidi nuru na uhuru. Kampuni inatoza ushuru, ina askari, na bado inawaahidi watu uhuru kwenye kipande cha karatasi! Upande wetu huku, kampuni ya Wajerumani, ile DOAG ya Carl Peters, ilikuwa inatengeneza sarafu za pesa mwaka huohuo wa 1890, zenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja ili watu wa pwani wazikubali. Serikali ya Ujerumani ilipochukua utawala, stempu zikaja na meli ya Kaiser. Waingereza walipoingia wakati wa Vita vya Kwanza wakagonga herufi G.E.A., yaani German East Africa, juu ya stempu zao, na mwaka 1922 wakatuletea kichwa cha twiga. Twiga yule ni mzuri, nampenda. Lakini pitieni stempu hizo zote mtafute mtu wa nchi hii akiwa kazini. Mtachoka kutafuta.

Mtu huyo anaonekana mwaka 1961. Seti ya Uhuru ya Tanganyika ina mwalimu na wanafunzi, ina muuguzi na mtoto mchanga, ina watu wanaochuma kahawa na watu wanaovuna mahindi. Stempu ya shilingi kumi, fedha nyingi kwa wakati ule, ina almasi na mgodi. Mwaka 1965 Tanzania ilipotoa seti yake ya kwanza ya kawaida, stempu ya senti tano, ile ndogo kabisa ambayo kila mtu aliimudu, ilionyesha mitambo ya umeme ya Hale, kule kwenye mto Pangani. Hebu fikirieni uamuzi huo. Bwawa la umeme halikuwekwa kwenye stempu ya bei ya juu iende kukaa kwenye albamu za Ulaya. Liliwekwa kwenye ya senti tano.

Hapa nimekuja na bahasha moja, itapita mkononi mwenu, tafadhali shikeni pembeni. Ni bahasha ya ofisi, karatasi ya kaki, imekunjwa mara moja katikati. Stempu yake ni ya mwaka 1967, ya kuadhimisha miaka 21 ya shirika la ndege la East African Airways. Seti ilikuwa ya stempu nne, kila moja na ndege yake: Dragon Rapide, ndogo, yenye mabawa mawili juu na chini, ambayo shirika lilianza nayo, Comet, Super VC10, na hii hapa, Fokker Friendship. Muhuri umekata mkia wa ndege, lakini majina ya nchi yanasomeka. Chunguzeni majina hayo. Kwenye stempu za pamoja za miaka ile, Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa zikibadilishana nafasi, leo huyu wa kwanza, kesho yule, ili nchi yoyote isikae juu ya wenzake daima. Ni jambo dogo la mchoraji, lakini kuna watu walikaa kikao wakakubaliana.

East African Airways ilianzishwa mwaka 1946. Stempu yake ilitoka mwaka uleule Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliposainiwa Kampala. Miaka kumi baadaye, 1977, shirika likafa, Jumuiya ikavunjika, na Machi ya mwaka huo sisi tukaanzisha Air Tanzania. Ndege ziligawanywa au kuuzwa, marubani wakatawanyika, majalada ya ofisini sijui mangapi yaliokolewa. Stempu ipo. Ipo Dar es Salaam, ipo Nairobi, ipo kwenye madaftari ya watoto wa Sweden na Japani ambao leo ni wazee. Hii ndiyo nguvu ninayoizungumzia jioni hii. Shirika lililokuwa na watu, karakana, sare na ratiba limebaki na ushahidi rasmi wa kwamba lilikuwepo, kwa sababu kuna mtu mwaka 1967 aliona miaka 21 inatosha kuadhimishwa.

Mwaka 1969 zikafuata stempu za usafiri wa majini: MV Umoja, meli ya mabehewa ya Ziwa Victoria, SS Harambee ya baharini, na MV Victoria. Watu wa Bukoba na Mwanza mliomo humu mnaijua Victoria kuliko mimi. Hiyo ilifanyiwa ukarabati mkubwa, ikarudi ziwani na jina jipya. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, nayo ilipata stempu mwaka 1976, kwenye seti ya reli. Kwa hiyo nisieleweke kwamba jambo hili ni geni kwetu. Tulilifanya, tena vizuri, kisha tukaliachia.

Wenzetu hawakuacha. Marekani mwaka 1952 ilitoa stempu kwa kampuni ya reli ya Baltimore and Ohio, iliyopata hati yake mwaka 1827, na mchoraji akaonyesha safari yote: behewa la kukokotwa na farasi, injini ya kwanza ya mvuke, hadi injini ya dizeli. Ireland mwaka 1959 ilitoa stempu mbili zenye uso wa Arthur Guinness, kutimiza miaka 200 tangu apange kiwanda cha Dublin kwa mkataba wa miaka 9,000, pauni 45 kwa mwaka. Wengi wetu humu hatunywi, na si hoja. Nauleta mfano huo kwa sababu ya ujasiri wa kusema kwamba kiwanda ni sehemu ya historia ya taifa kama ilivyo vita au mfalme. Italia mwaka 2014 ilitoa stempu ya Nutella, miaka 50, picha ya chupa yenyewe kwenye rangi ya dhahabu. Hapo ndipo mimi napata mashaka. Chupa ile inauzwa dukani leo. Ukiitazama stempu huoni mtu, huoni mashine, huoni mahali. Mimi naona tangazo lililogongwa muhuri.

Na hii ndiyo sababu yangu ya kutaka tuanze na zilizokufa. Kampuni iliyo hai ina idara ya masoko. Ina mabango barabara nzima kuanzia Mwenge hadi Ubungo, ina udhamini wa ligi, ina nyimbo za redio. Haihitaji dola iisemee. Kampuni iliyokufa haina msemaji. Katika jiji hili imebaki kwenye midomo ya makondakta tu. "Tanganyika Packers washushe!" Abiria anashuka Kawe, anakwenda kwenye mkutano wa injili, na hajui kwamba pale palikuwa kiwanda cha nyama ya kopo, kwamba ng'ombe walikuwa wanaletwa kutoka bara, nyama inapikwa, inafungwa kwenye makopo, inapelekwa nje ya nchi. Hilo kopo ndilo la kuweka kwenye stempu.

Kiwanda cha nguo cha Urafiki, pale Ubungo, ndicho nitakachokisemea zaidi, mnisamehe. Kilijengwa kwa msaada wa China, Mwalimu Nyerere akakifungua mwaka 1968, pamba ya kwetu ikawa inaingia upande mmoja na kitambaa kinatoka upande wa pili. Kuna akina mama humu ambao kanga yao ya kwanza ilitoka pale, na vitenge, na mashuka ya bweni. Kiwanda cha aina ile kilikuwa mji: nyumba za wafanyakazi, zamu za mchana na usiku, kelele za mashine za kufuma ambazo mfanyakazi akitoka nje bado anazisikia masikioni. Mimi nisingeweka geti la Urafiki kwenye stempu. Stempu ina upana wa vidole viwili. Ukiweka jengo zima unapata kiberiti chenye madirisha. Ningeweka mikono ya mfumaji ikiunga uzi uliokatika, na nyuma yake pindo la kanga. Watu wa kazi hiyo watajua mara moja ni nini, na asiyejua atauliza.

Basi la UDA, shirika la usafiri la Dar es Salaam, pia. Ile Ikarus ndefu iliyopinda katikati, kumbakumba, iliyotengenezwa Hungaria. Wazee mnacheka, na mna haki ya kufurahi, maana kuna ndoa zilianzia mle ndani.

Mkonge unahitaji uangalifu zaidi. Dakta Richard Hindorf alileta miche mwaka 1893, elfu moja ilinunuliwa, ikafika Tanga hai 62 tu, na kutokana na hiyo yakatoka mashamba yaliyotufanya katika miaka ya 1960 kuwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Hadithi hiyo inapendwa sana kusimuliwa, na huishia kwa Hindorf. Lakini mashamba yale yaliendeshwa na manamba: watu waliotoka Kigoma, Songea, Njombe, hata nje ya mipaka, wakapewa namba na kipande, kadi ya siku 30 ambayo kila siku ya kazi ilitiwa alama. Stempu ya mkonge isiyo na kipande hicho mimi nitaipinga hadharani.

Kuna atakayeniambia, mzee, mashirika haya mengi yalikufa kwa hasara na usimamizi mbovu, tunasherehekea nini? Jibu langu ni kwamba hesabu za mwisho za kampuni ni za wakaguzi. Mfanyakazi aliyeingia zamu ya saa kumi na mbili asubuhi miaka ishirini mfululizo hakusababisha hasara ile, na nguo aliyofuma ilivaliwa. Stempu inamtambua yeye.

Mwingine atasema, nani anatuma barua siku hizi? Wachache. Lakini Umoja wa Posta Duniani una utaratibu wa kila nchi mwanachama kupeleka nakala za stempu zake Bern, nazo zinagawiwa kwa nchi nyingine zote. Stempu moja ya Urafiki itahifadhiwa pia kwenye hazina za posta za mataifa mengine, hata kama haitabandikwa kwenye bahasha hata moja. Na mkataba wa Umoja huohuo unazitaka stempu zihusiane kwa karibu na utamaduni wa nchi inayozitoa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 tulitoa stempu nyingi zilizowalenga wakusanyaji wa ng'ambo, hadi vikaragosi vya Disney. Fedha za kigeni zilikuwa haba, naelewa. Lakini mtoto wa Ubungo alikuwa na haki ya kuiona Urafiki kwenye stempu ya nchi yake kabla ya kumwona Mickey Mouse.

Sasa kazi. Kuna miaka inakuja ambayo inatupa sababu isiyo na ubishi: 2028, miaka 60 ya Urafiki, 2031, miaka 100 tangu TANESCO, shirika letu la umeme, iandikishwe, 2033, miaka 100 ya KNCU, chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ambacho kwa bahati njema bado kipo. Maandalizi ya stempu huchukua muda: pendekezo, utafiti wa picha, mchoro, marekebisho, uchapaji. Tukisubiri mwaka wenyewe ufike tumechelewa.

Kinachokosekana zaidi ni vielelezo. Mchoraji hawezi kuchora mashine ambayo hajaiona, na mashine nyingi ziliuzwa kama vyuma chakavu. Kwa hiyo ukiwa nyumbani una kitambulisho cha kiwanda, hati ya mshahara, picha ya sherehe za Mei Mosi mbele ya karakana, kipande cha kitambaa chenye nembo, tiketi ya UDA, lebo ya kopo, usikitupe na usikiuze kwa anayepita. Andika nyuma yake kwa penseli: jina la mwenye nacho, idara aliyofanyia kazi, mwaka. Penseli, jamani, kalamu ya wino inatoboa picha.

Nitakaa kwenye meza ile ya mlangoni mpaka ukumbi ufungwe. Nina daftari la kuandikisha nani ana nini, na kijana wangu ana mashine ya kunakili picha hapahapa, hamtaacha kitu chochote. Waliofanya kazi Tanganyika Packers naomba waanze, maana hao ndio tuliobaki nao wachache. Mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali.