Watu Kumi na Barua Moja: Kuandaa Maandamano ya Amani Kisumu

Ndugu zangu, hamjambo. Asanteni kwa kuja, na asanteni mawakili mlioacha kazi zenu kuketi nasi hapa Kisumu. Mada ya leo ni maandamano ya amani katika kupigania haki za mashoga, wasagaji na wenzao. Nasema mapema: hatuhitaji umati. Tunahitaji watu wachache waliojiandaa, dai moja, na afisa mmoja anayepaswa kulijibu.

Tarehe 17 Aprili 1965 watu kumi walisimama na mabango mbele ya Ikulu ya Marekani. Kati yao alikuwa Frank Kameny, mtaalamu wa elimu ya nyota aliyefutwa kazi serikalini kwa sababu ya ushoga. Wanaume walivaa suti na tai, wanawake magauni. Dai lao lilikuwa ajira serikalini, basi wakaja wamevaa kama watumishi wa serikali. Kuanzia mwaka huo hadi 1969, kila tarehe 4 Julai, walisimama vivyo hivyo mbele ya Independence Hall, Philadelphia. Baada ya ghasia za Stonewall, baa ya mashoga mjini New York iliyovamiwa na polisi Juni 1969, vijana walizikataa zile suti, na kwa maoni yangu walikuwa na haki, kwa sababu dai lenyewe lilikuwa limebadilika. Hata sisi tuanze na dai. Likishaeleweka, mavazi, maneno ya mabango na mahali pa kusimama vitafuata.

Mnamjua pia Bayard Rustin, mpangaji mkuu wa maandamano ya Washington ya kudai haki za Wamarekani weusi, 28 Agosti 1963, yaliyokusanya takriban watu robo milioni. Seneta Strom Thurmond alimtangaza kuwa shoga ndani ya Seneti ili ayavunje maandamano yale. A. Philip Randolph, kiongozi wa maandamano hayo, alikataa kumtupa. Rustin aliwafundisha polisi weusi wasio zamu kulinda watu bila bunduki, na alisisitiza vipaza sauti viwe vizuri, maana watu wasiosikia jukwaa huanza kusukumana.

Sasa twende kwetu. Ibara ya 37 ya Katiba ya Kenya inatupa haki nne, mradi tuwe na amani na bila silaha: kukusanyika, kuandamana, kusimama na mabango mahali pamoja, na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka ya umma. Wengi hukimbilia ile ya pili. Kwa jamii hii, mimi naona ya tatu na ya nne zina faida zaidi. Msafara wa kutoka mtaa wa Kondele hadi katikati ya mji unapita mbele ya maelfu ya macho, na mtu yeyote anaweza kuingia kati akiwa na jiwe mfukoni. Watu kumi langoni mwa ofisi wanajuana kwa sura, na mgeni anaonekana mara moja.

Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba ilikuwa makosa kuwanyima mashoga na wasagaji haki ya kusajili shirika. Lakini vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu bado vipo. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 2019. Vifungu hivyo vinaadhibu vitendo vya ngono. Kushika bango hakumo. Kwa hiyo bango liseme juu ya kipigo, kufukuzwa nyumba, kunyimwa matibabu. Maneno sita au saba, herufi kubwa, yasomeke kutoka upande wa pili wa barabara.

Notisi ndiyo inayowaangusha wengi. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, ajulishwe kwa maandishi siku zisizopungua tatu na zisizozidi 14 kabla. Mkutano uwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Andikeni jina kamili la mwandaaji na anwani anakopatikana, tarehe, saa, na mahali au njia. Pelekeni nakala mbili, moja irudi na mhuri. Afisa akiuliza kibali kiko wapi, mjibuni kwa upole kwamba sheria inadai notisi, kisha mwonyesheni ule mhuri. Na hapa kuna hatari ya pekee kwetu: jina la kwenye notisi hubaki kituoni. Asiweke sahihi kijana ambaye mama mwenye nyumba hajui habari zake. Aweke wakili au mtetezi wa haki anayejulikana tayari, na awepo yeye au mwakilishi wake tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu sheria inataka hivyo.

Chagueni Jumanne au Jumatano. Ibara ya 49 inasema aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini muda huo ukiisha siku ambayo korti haiketi, anasubiri hadi siku ya korti inayofuata. Kamatakamata ya Ijumaa mnaijua: mtu analala seli hadi Jumatatu. Kwa shoga, mahabusu wenzake wakishajua, usiku tatu ndani ni hatari ya mwili.

Pesa za dhamana zishikwe na watu wawili wasiokuwa langoni. Namba ya wakili iandikwe mkononi kwa kalamu, maana simu ndiyo huchukuliwa kwanza. Wawekeni waangalizi wawili ng'ambo ya barabara waandike saa, namba za magari na namba za askari. Asiyetaka kupigwa picha afunge kitambaa cha rangi mliyokubaliana. Mpiga picha wenu apige mabango na migongo. Nairobi, Februari 2014, baadhi ya waliokwenda kupinga sheria ya Uganda dhidi ya mashoga walivaa barakoa, na ujumbe ulifika vilevile.

Mtu akirusha jiwe, kaeni chini nyote, ili aliyesimama aonekane ni nani. Lakini vitoa machozi vikirushwa, msikae. Ondokeni kwa kufuata upepo unakotoka. Mchana hapa Kisumu upepo huvuma kutoka ziwani, lakini asubuhi huenda haujaanza, basi tazameni kwanza unakotoka. Osheni macho kwa maji safi. Msipake mafuta ya mgando usoni, kwa sababu hunasa ile kemikali kwenye ngozi, na msisugue macho. Mwenye lenzi za macho azivue nyumbani.

Muda wa kusimama ni dakika 40, saa nne hadi saa nne na dakika arobaini. Mkizidisha, habari inafika sokoni na wahuni wanakodiwa. Barua yenye dai lenu isomwe kwa sauti, ikabidhiwe masjala, nakala igongwe mhuri wenye tarehe. Dai liwe na siku ya kujibiwa, tuseme siku 14. Kisha tawanyikeni wawili wawili, kwa boda boda mliozipanga tangu jana, na kila mmoja atume ujumbe akifika. Asiyetuma kwa nusu saa anatafutwa. Siku ya 15 warudi watatu tu na ile nakala, waulize jibu liko wapi.