Umekataliwa skuli ya udaktari Marekani? Ngoja kwanza kabla hujalipa tena

Asalaam aleikum, hamjambo nyote: Kisauni, Likoni, Changamwe, Mji wa Kale, na nyinyi wa Nyali mnaojifanya hamtazami. Leo sina salamu ndefu. Swali ni lile lile, linakuja chini ya kila video, hata ile niliyopika mbaazi: "Kijana wetu yuko huko Marekani, kamaliza digrii, kaomba udaktari wakamkataa. Sasa aombe tena vipi?"

Nishayajua maneno yatakayofuata. Nikisema ni kazi ngumu, mtasema nimeshafika sasa nafunga mlango. Nikisema inawezekana, najigamba. Nikitaja pesa, nalia lia. Andikeni mtakalo. Mimi si afisa wa chuo chochote. Nasema ninayoyajua, na kila mtu na faili lake, usichukue ya mwenzio ukayavaa.

Huku Marekani niliko mtu husoma digrii kwanza, udaktari baadaye. Hayo mnayajua, siyarudii. Mjue tu kwamba kila mwaka wanaoomba vyuo vya MD, ile digrii ya udaktari, ni zaidi ya watu 50,000, na wanaoingia ni kama 23,000. Wanaokosa ni wengi kuliko wanaopata. Kwa hiyo si hasadi ya jirani, na shangazi asisumbuke kwenda kusomesha dua.

Kosa ninaloliona zaidi ni hili: barua ya mwisho ya kukataliwa inakuja Aprili, fomu mpya zinafunguliwa Mei, na mtu anaingia na uchungu wake anatuma faili lile lile mwezi wa sita. Amebadilisha tarehe tu. Jamani, chuo ulichokiomba mwaka jana kina faili lako la zamani. Vingi vinakuuliza waziwazi kwenye fomu ya pili, ile ambayo chuo chenyewe hukutumia baada ya ombi kuu: umefanya nini tangu ulipoomba mara ya mwisho? Kama jibu halijazi aya moja bila kulivuta, mwaka huu usiombe. Subiri mwingine.

Na subira hii ni ya pesa pia. Hesabu ya msimu mmoja, vyuo 20: AMCAS, ule mfumo wa kuombea, chuo cha kwanza dola 175, kila kinachofuata weka 46, na bei hupanda panda. Hapo ni dola 1,049. Kisha fomu za pili, kila chuo na ada yake, weka 100 kwa wastani, ni 2,000 nyingine. Dola 3,000 na ushei. Kwa shilingi 129 kwa dola, ni kama laki nne za Kenya, na bado MCAT, ule mtihani wa kuingilia udaktari, hujalipa. Kuna watu Mombasa wameuza kiwanja kwa mambo haya. Usiwauzishe kiwanja cha pili kwa faili lile lile.

Mwenye grini kadi, au mkimbizi aliyekwisha kubaliwa, aangalie mpango wa kusamehe ada wa AAMC, ile jumuiya ya vyuo vya udaktari. Lakini ukubaliwe kwanza, ndipo ulipe. Ukishalipa, hawakurudishii hata senti. Kila mwaka kuna mtu anaujua mpango huu mwezi wa nane, baada ya kumaliza pesa.

Sasa, umekwama wapi? Hapo ndipo pa kuanzia. Watu wananiandikia "nilipata fomu za pili 18, nilikuwa karibu sana." Hukuwa karibu. Vyuo vingi humpelekea karibu kila aliyeomba, kwa sababu kila fomu ni ada. Kipimo ni mwaliko wa mahojiano. Kama hukuitwa hata kimoja, shida iko kwenye karatasi: alama, saa za hospitali (ulizokaa na wagonjwa), orodha ya vyuo, au umechelewa. Kama uliitwa vitatu vinne ukakataliwa vyote, karatasi ziko sawa, mdomo ndio una kazi, au kuna barua moja ya mdhamini inakusema vibaya. Na kama ulibaki kwenye orodha ya kungoja mpaka mwisho, usivunje nyumba yote, rekebisha paa. Viandikie vyuo, kwa adabu, mistari minne mitano, uulize kama wanatoa maoni kwa waliokataliwa. Vingine vitakwambia hapana. Vinavyotoa hutoa msimu ukisha, na dakika 15 za simu ile zina faida kuliko mshauri wa kulipwa.

Alama. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu wazazi wanadanganywa sana. Mtoto ana krediti 120, na GPA, yaani wastani wa alama, ni 3.2 kati ya 4. Anarudi darasani mwaka mzima, krediti 30, anapata A tupu. 120 mara 3.2 ni 384. 30 mara 4 ni 120. Jumla 504, gawa kwa 150, unapata 3.36. Mwaka mzima, ada, kodi ya nyumba, imesogea 0.16. Msikate tamaa lakini, maana msomaji wa faili hatazami jumla peke yake, anatazama mstari unapanda au unashuka, na A za mwisho kwenye bayokemia na fiziolojia zinasema jambo. Nisichotaka ni mtu kuambiwa "fanya masta, GPA itapanda." AMCAS inaweka alama za masta kwenye mstari wake mbali. Za digrii ya kwanza hazigusi. Na ukirudia somo ulilopata D, D haifutwi. Zote mbili zinahesabiwa.

Vilevile aliyesoma digrii yake yote Kenya, tuseme Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, AMCAS haithibitishi alama za nje. Vyuo vingi vitataka kwanza masomo ya kutosha huku, mara nyingi krediti 90. Hiyo ni kama miaka mitatu. Sikuzuii, nakwambia tu kabla hujakata tiketi.

MCAT ni ya kuangalia kwa jicho kali. Alama zinaanzia 472 hadi 528, na wanaoingia MD wastani wao ni kama 511 au 512. Ukiwa na 505 na GPA nzuri, kurudia kuna maana. Ukiwa na 513, kaa chini, shida yako iko kwingine. Una ruhusa mara 3 kwa mwaka, 4 kwa miaka miwili mfululizo, 7 maishani, na vyuo vinaona kila alama. Kwa hiyo usikae mtihani kubahatisha. Fanya ile ya mazoezi ya AAMC yenyewe, kamili, asubuhi, bila simu. Kama wastani wa mitatu ya mwisho haujapita alama yako ya zamani kwa 4 au 5, ahirisha.

Na sisi wa pwani tunaanguka sehemu moja hasa: ile ya kusoma na kuelewa. Maswali 53, vifungu 9, dakika 90. Kifungu na maswali yake ni dakika 10, basi. Mtu aliyesoma sayansi tupu anasoma kifungu cha falsafa kama anasoma kemia, anatafuta jibu lililoandikwa. Halijaandikwa. Wanauliza mwandishi anaelekea wapi, angekubaliana na nani. Dawa yake si kitabu cha mbinu, ni vifungu viwili kila siku kwa miezi mitatu, na kila swali ulilokosa uandike kwa nini lile jibu jingine lilikuvutia. Baada ya mwezi utaona unakosa kwa namna mbili tatu tu, zile zile.

Saa za hospitali sasa, na hapa makaratasi ndiyo yanayoua watu. Wenye grini kadi ni rahisi: kozi fupi ya msaidizi wa muuguzi, au kazi ya kuchapa maelezo ya daktari wakati anamwona mgonjwa, baada ya mwaka una saa zaidi ya elfu. Mwenye visa ya mwanafunzi, F-1, hawezi kufanya kazi nje ya chuo bila idhini. Ana OPT, ile ruhusa ya kufanya kazi, ya miezi 12 baada ya kuhitimu, kazi ihusiane na alichosomea, na zikijumlika siku 90 hana kazi, visa iko hatarini. Digrii za sayansi huongezewa miezi 24, hiyo itumieni kwenye maabara au utafiti wa hospitali. Kisha anakuja mjanja mmoja: "fanya tu, nani anaangalia?" Wewe mwenyewe ndiye utakayejishtaki! Fomu inataka tarehe, saa, na jina la msimamizi wa kila kazi. Utaandika nini? Kabla ya kuanza chochote, hata cha kujitolea bure, pita ofisi ya wanafunzi wa kigeni, upate jibu kwa maandishi.

Kuna kitu tunacho sisi tunakikalia. Kiswahili. Miji mingi huku ina wakimbizi kutoka Kongo wanaozungumza Kiswahili, na kliniki zinatafuta wakalimani. Mafunzo ya mkalimani wa tiba kwa kawaida ni saa 40. Ukikaa baina ya daktari na mama anayesema "mwili wote unawaka moto", ukalazimika kujua anamaanisha homa, au miguu, au moyo, hiyo ni kazi ya kuhudumia mgonjwa kweli, na kwenye mahojiano utakuwa na la kusema ambalo wenzio hawana.

Ila lile la likizo Mombasa nalikataza kwa herufi kubwa. Kijana anakuja Desemba, mjomba ana zahanati Kisauni, anamwachia adunge sindano, ashone kidonda. Akirudi anaandika kwa fahari. Ndugu yangu, hilo linakuangusha. AAMC ina miongozo kuhusu wanafunzi kutibu watu nje bila leseni, na msomaji wa faili akiona umeshona mtu hujasomea, haoni ujasiri, anaona mtu asiyejua mpaka wake. Mfuate mjomba, simama pembeni, tazama, uliza. Andika ulichokiona.

Kuandika kwenyewe: nafasi za shughuli ni 15, kila moja herufi 700, na tatu unazozichagua unaongezewa 1,325. Insha kuu ni 5,300. Zote zisomwe upya kama vile aliyeziandika ni adui yako. Mistari kama "nilijifunza huruma na ushirikiano" ifute, kila mtu anayo. Weka: zamu ya saa 12, wagonjwa 8, kumgeuza mgonjwa asiyeweza kujigeuza kila baada ya saa 2 asipate vidonda vya kulalia, na yule mzee aliyekataa kugeuzwa mpaka ulipogundua ni bega linamuuma. Huruma ataiona mwenyewe.

Barua za wadhamini hazihamii msimu mpya. Zitumwe tena, ziwe na tarehe mpya, kwenye karatasi ya ofisi, na sahihi. Angalau moja itoke kwa mtu aliyekuona ukifanya kazi mwaka huu. Barua ya mheshimiwa wa kaunti aliyekuona harusini haina kazi, na msinitumie kuniuliza, nimechoka.

Mwenye visa, orodha ya vyuo ndiyo roho yako. Vyuo vingi vya umma havimchukui kabisa. Vinavyomchukua, vingine vitataka uonyeshe au uweke benki ada ya mwaka mmoja, vingine ya miaka yote minne. Kila chuo kiangalie kwenye MSAR, ile orodha ya AAMC ya masharti ya kila chuo, kabla ya kulipa, si baada. Hata wenye uraia na grini kadi mambo yamebadilika: tangu tarehe 1 Julai 2026, mkopo wa serikali kwa wanaoanza una kikomo, dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, na ule wa ziada uliokuwa unaziba pengo umeondolewa. Kuna skuli ada peke yake inapita hapo. Pengo utaziba na nini? Jibu hilo uwe nalo kabla ya Juni.

Msiudharau mlango wa DO, ile digrii nyingine ya udaktari. Ni madaktari kamili huku, wanaombea kwenye mfumo wao, AACOMAS. Ila kama nia ni kurudi kufanya kazi hospitali ya Makadara, Mombasa, waulizeni KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, kwa maandishi kabla ya kulipa, wala msimuulize mtu wa YouTube, mimi nikiwemo.

La mwisho ni muda. Uhakiki wa AMCAS, yaani kukagua alama zako, unaweza kuchukua wiki sita msimu ukishika kasi, na vyuo vinaita watu huku vikiendelea kupokea. Anayetuma Septemba anagombania viti vilivyobaki. Kama alama mpya ya MCAT itatoka Julai, tuma mwanzo wa Juni kwa chuo kimoja tu, uhakiki uanze, kisha alama ikija nzuri ongeza vingine. Ikija mbaya, umepoteza ada ya chuo kimoja. Fomu za pili zirudishe ndani ya wiki mbili. Maswali yake hayabadiliki sana mwaka hadi mwaka, yaandike Mei.

Haya. Anayetaka kuuliza aandike hapo chini: umekwama hatua gani, GPA, MCAT, visa gani. Nambari ya pasipoti msiniwekee, kuna mmoja kaiweka wiki jana. Na wale wenye simu yangu, saa nne asubuhi ya Mombasa ni saa tisa ya usiku huku. Nawaomba.