Mavazi na vifaa vya kuanzia ski, kabla hujapanda ndege

Haya jamani habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni, na nyie mnaoondoka Agosti karibuni sana. Nimeombwa niongelee maisha ya Norway kwa ujumla ila nimeomba nichukue kitu kimoja tu, ski, vile vibao virefu vyembamba unavyovaa miguuni kwenye theluji, ile ya kutembea na kuteleza misituni na sehemu za tambarare, sio ile ya kushuka mlima kwa kasi mnayoiona kwenye tivii. Kwanini ski? Kwasababu Trondheim mwezi Disemba jua linatoka saa nne asubuhi, saa nane na nusu mchana limeshazama, na ukijifungia chumbani mpaka Machi utaumia roho, nimeona watu wameumia kweli. Wenyeji wao hawakai ndani, wanabeba ski wanaingia Bymarka, msitu uko hapo hapo pembeni ya mji, mzee wa miaka 70 anakupita huku anakusalimia. Nataka na nyie muwe humo.

Sasa nianze na nguo maana huko ndo tunakosea sana sisi watu wa Dar. Tunaogopa baridi, kwahiyo tunavaa kama tunahamia kwenye friji. Mi siku ya kwanza nilivaa tisheti ya pamba, masweta mawili, jinzi, na juu yake koti moja zito sana nililotoka nalo soko la mitumba la Karume. Robo saa haijaisha jasho linatiririka kama niko kwenye daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni, nikaona poa, si joto hilo. Tulivyosimama kunywa chai ile tisheti ikageuka barafu mgongoni, nikatetemeka mpaka kikombe kikanishinda kushika, ikabidi wenzangu wanirudishe. Hapa kwetu jasho linakusaidia, linakupoza. Kule ukisimama tu linaendelea kukupoza na hulitaki tena, maana maji yananyonya joto la mwili karibu mara 25 kuliko hewa. Kwahiyo kila nguo unayochagua jiulize, hii jasho langu italipeleka wapi?

Pamba inalikalisha kwenye ngozi. Pamba isiguse mwili, sio tisheti, sio soksi, sio chupi, na jinzi ni pamba pia. Ndani kabisa vaa sufu laini, manyoya ya kondoo, yenyewe hata ikilowa bado inakupa joto, au zile nguo za mazoezi za poliesta. Juu yake sweta jepesi. Juu kabisa jaketi jembamba la kuzuia upepo, basi. Lile koti zito liende kwenye begi la mgongoni, unalivaa ukisimama, ukianza kutembea unalivua. Ukitoka mlangoni inatakiwa uhisi kibaridi kidogo, kama unahisi raha kabisa hapo mlangoni ujue umezidisha, rudi ukapunguze moja.

Na lebo zisomeni vizuri sana. Kinorwe sufu ni ull, pamba ni bomull, umeona ull iko mwishoni mwa bomull, mtu ana haraka anaona ull anabeba. Kwa wale mnaoenda Finland ni vilevile, villa ni sufu, puuvilla ni pamba. Na hapa mjini kwenye mitumba ambako lebo imeshakatwa, chomoa uzi mmoja uuchome na kiberiti, sufu inanuka kama nywele zimeungua na moto unajizima wenyewe, pamba inanuka kama karatasi, poliesta inayeyuka inakuwa kidonge kigumu. Sweta za sufu Karume zipo nyingi na bei yake huko Ulaya hamtaigusa, kwahiyo hizo bebeni. Kofia iwe nyembamba inayofunika masikio, glavu nyembamba za kutembelea na nene za akiba, na miwani ya jua, hasa Machi, theluji inarudisha mwanga mpaka macho yanawasha usiku.

Vifaa sasa, na hivi msinunue hapa, wala msinunue wiki ya kwanza. Norway kuna mtandao unaitwa BUA wanaazimisha vifaa vya michezo bure, azima kwanza, ujue mwili wako unataka nini.

Kiatu kinakuja kabla ya ski. Kisigino kwenye ski hizi kinakuwa huru, kinanyanyuka kila hatua, kiatu kinashikwa vidoleni tu, kwahiyo ndani ya kiatu kisigino chako kisicheze ila vidole viwe na nafasi ya kujikunja. Soksi moja ya sufu inatosha. Ukivaa mbili zikabana damu haifiki vidoleni na hapo ndo baridi inakukamata. Ukinunua vya mtumba angalia soli, kuna mfumo wa kushikisha kiatu kwenye ski unaitwa NNN na kuna wa zamani wa SNS, haviingiliani, utabeba kiatu kizuri na ski nzuri na havishikani hata kidogo.

Ski yenyewe watu wanapimia urefu wa mtu, mi nawaambia uzito ndo unaamua. Ski imepinda kama upinde, katikati imenyanyuka. Ukisimama miguu yote miwili ile katikati isikandamizwe, iteleze, ukiuweka uzito wote kwenye mguu mmoja kujisukuma ndo inagusa theluji na kushika. Ikiwa ngumu kuliko uzito wako kila kilima unarudi nyuma, ikiwa laini inaburuza siku nzima. Kipimo chake kirahisi, simama nazo sakafuni, mwenzio apitishe karatasi chini ya mguu wako. Umesimama sawa, karatasi ipite. Umeegemea mguu mmoja, karatasi ikwame. Hapo katikati, upande wa chini unaoshika theluji, kwa anayeanza chagua zenye magamba kama ya samaki, au zenye ukanda wa manyoya ya mbuzi wa Angora, achana kwanza na zile za kupaka nta, kila hali ya theluji ina nta yake na utachoka kabla hujatoka.

Fimbo zifike kwapani, mtu wa sentimita 170 ni kama 140 hivi. Mkono unaingia kwenye kitanzi kutokea chini halafu ndo unashika, ili ukisukuma mkanda ubebe nguvu, sio vidole.

Dada pale nyuma anauliza kama sisi wa huku tunaweza kweli. Philip Boit wa Kenya alikuwa mkimbiaji, akaanza ski ukubwani, akaenda Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, 1998, kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, dakika 20 hivi nyuma ya Bjørn Dæhlie wa Norway aliyeshinda, na Dæhlie alikuwa bado amesimama pale mwisho anamsubiri, akamkumbatia. Akarudi tena 2002 na 2006. Dada yangu we unaenda kutembea msituni Jumapili na termosi ya chai, unaweza.

Jumamosi naenda Karume mapema, wakati wanafungua belo za sweta, anayetaka tuongozane abaki hapa tupeane namba. Na mje na kiberiti.