Ruzuku ya Mafuta Iran: Pesa Kwanza, Bei Baadaye

SALMA: Karibuni tena. Leo tunakwenda Iran, nchi iliyowahi kupandisha bei ya petroli mara nne kwa usiku mmoja na watu wakalala. Miaka tisa baadaye ikapandisha kwa uwiano mdogo zaidi, nchi ikawaka moto. Bakari, tuanzie kwenye pampu.

BAKARI: Kabla ya Desemba 2010, lita ya petroli ya mgawo, yaani kile kiasi cha mwezi kinachouzwa kwa bei nafuu, ilikuwa riyali 1,000, kama senti 10 za dola. Dizeli ndiyo kichekesho: riyali 165, hata senti mbili haifiki. Kwa bei hiyo lazima mafuta yavuke mpaka kwa magendo. Halafu ruzuku yenyewe inamfuata mwenye gari. Ukiwa na magari matatu unaipata mara tatu, ukiwa na miguu miwili huna chako.

SALMA: Serikali ikaamua ipandishe bei, wananchi warudishiwe pesa mkononi.

BAKARI: Na utaratibu ndio uliowaokoa. Kwanza walijaribu kupanga kaya kwa kipato, makundi matatu. Malalamiko yakazidi, maana mtu anajiona maskini na daftari linasema tajiri. Wakaachana nayo: aliyeomba apewe. Kila mkuu wa kaya akafungua akaunti, serikali ikaweka malipo ya miezi miwili. Lakini zile pesa zimefungwa! Unaenda kwenye mashine ya benki, unaangalia salio, pesa unaiona, haitoki.

SALMA: Mpaka siku bei inapopanda.

BAKARI: Hapo ndipo zinafunguliwa. Desemba 19 petroli ya mgawo, lita 60 kwa mwezi, ikawa riyali 4,000, na ukizidisha mgawo 7,000. Asubuhi hiyohiyo akaunti zikafunguka. Malipo, baada ya kuongezewa fidia ya mkate uliopanda bei, yakatulia kwenye riyali 455,000 kwa kila mtu kwa mwezi, kama dola 45 za wakati ule.

SALMA: Hebu tupige hesabu. Familia ya watu watano yenye gari moja.

BAKARI: Wanapokea riyali 2,275,000. Lita 60 zimewaongezea gharama ya 180,000. Ndiyo, gesi, umeme na mkate navyo vimepanda, lakini bado wanabaki na kitu. Na familia isiyo na gari ndiyo iliyofaidi zaidi. Ndiyo maana wengi walivumilia.

SALMA: Sasa mbona ikaharibika?

BAKARI: Mambo mawili. Sheria ilisema nusu ya mapato ya bei mpya iende kwa kaya, asilimia 30 kwa viwanda, asilimia 20 ibaki serikalini. Malipo ya kaya peke yake yakameza zaidi ya kilichokusanywa. Viwanda vikaachwa na bili mpya za umeme bila fidia ya maana, na serikali ikakimbilia benki kuu. Kukopa benki kuu ili ugawe pesa ni kuchochea mfumuko wa bei, dada, halafu mfumuko unakula zilezile ulizogawa.

SALMA: Na la pili ni ile 455,000 yenyewe.

BAKARI: Haikuguswa! Mwaka 2012 vikwazo vikabana, riyali ikaporomoka, malipo yakabaki tarakimu ileile. Kufikia 2019 yalikuwa na thamani ya dola 4 hivi katika soko huria. Petroli nayo ilifika riyali 10,000 mwaka 2015, ikaachwa hapo. Ukibadilisha kwa dola za 2019, hata senti 10 haifiki.

SALMA: Wamerudi walikoanzia.

BAKARI: Palepale. Safari hii wakageuza utaratibu. Novemba 15, 2019, usiku, bila taarifa, lita 60 za kwanza zikawa riyali 15,000 na za ziada 30,000. Fidia ikaahidiwa. Malipo ya kwanza yakaingia siku tatu baadaye, na kufikia hapo watu walishafunga barabara, intaneti imezimwa, risasi zinalia. Amnesty International ilihesabu zaidi ya watu 300 waliouawa.

SALMA: Siku tatu tu, Bakari.

BAKARI: Mkono mtupu haulambwi. Ahadi ya serikali iliyokwisha kuacha 455,000 ioze, nani ataipokea?

SALMA: Kwa hiyo malipo yenyewe yangefuata asilimia, si kiasi kisichobadilika?

BAKARI: Asilimia ya mapato halisi. Bei ya mafuta ikishuka, malipo yanashuka, hukopi. Ukitaka yasiyumbe sana, fanya kama Alaska, jimbo la Marekani: mfuko wao ulianzishwa 1976, unawekeza sehemu ya mrabaha wa mafuta, yaani malipo ya wachimbaji kwa jimbo, na gawio la kila mwaka linatoka kwenye faida ya uwekezaji. La kwanza, 1982, lilikuwa dola 1,000.

SALMA: Kenya basi imeandika asilimia. Sheria ya Petroli ya 2019: katika fungu la serikali, kaunti asilimia 20, jamii ya eneo asilimia 5.

BAKARI: Hapo wamepatia. Ila soma mstari unaofuata: ile asilimia 5 inaingia kwenye mfuko wa amana, chini ya bodi ya wadhamini inayoundwa na serikali ya kaunti kwa kushauriana na jamii. Haiingii kwenye akaunti ya mtu. Mkazi wa Lokichar, kule Turkana kwenye mafuta ya Kenya, hataenda kwenye mashine akaona salio lake. Ataambiwa bodi imekaa.